Ipindue Kwanza: Netsuke na Matundu Yake Mawili

Panya aliyechongwa kwa mti amewekwa kwenye kabati la kioo, taa imemwelekea usoni. Urefu wake hauzidi sentimita 4. Amejikunja, mkia umemzunguka tumbo na ncha yake ameishika kwa miguu ya mbele. Macho ni vitone viwili vya pembe nyeusi. Watu wanainama, wanapiga picha, wanasifu masharubu, wanaondoka. Baadaye mhudumu mwenye glavu anafungua kabati kwa shughuli zake, anamwinua panya na kumpindua. Tumboni kuna matundu mawili. Moja ni kubwa kuliko jingine, na ukingo wa lile kubwa umelika upande mmoja tu.

Waliopiga picha walishaondoka.

Jambo hilo limenikera kwa wiki kadhaa. Netsuke, kifungo cha Kijapani cha kuzuia mzigo ulioning'inizwa mkandani, huonyeshwa kama sanamu ndogo, yenye mbele na nyuma, imekaa wima kwenye kijukwaa chake. Lakini sehemu ngumu zaidi ya kazi ya mchongaji iko upande ambao taa haifiki. Nikawa najiuliza kama hivi vitu tunavitazama kwa haki: ni sanaa iliyopewa kazi ya kifungo, au ni kifungo kilichochongwa vizuri kupita mahitaji yake?

Nguo isiyo na mifuko

Kimono haina mifuko. Mikono yake mipana hubeba karatasi na vitu vyepesi. Ukitia kitu kizito, mkono wote unavutwa chini. Anayevaa kanga anaijua shida hiyo, na anajua jinsi pindo linavyogeuka kuwa benki. Wanaume wa Japani wa zama za Edo (1603–1868) walitembea na vitu ambavyo pindo lisingeviweza: inro, yaani kijaluba cha dawa chenye vyumba vitatu hadi vitano vilivyopandana, kifuko cha tumbaku pamoja na kiko chake, kifuko cha fedha, kidau cha wino chenye mpini wa kuhifadhia brashi ya kuandikia. Vyote vilining'inia nyongani kwa kamba iliyopita nyuma ya mkanda, obi, na kutokeza juu yake.

Kamba peke yake ingeteleza na mzigo ungeanguka. Netsuke hufungwa kwenye ncha ile ya juu, ikakaa juu ya ukingo wa mkanda na kuzuia. Uzito wa mzigo unaivuta chini, mkanda unaikatalia. Hakuna pini wala kulabu.

Kati ya netsuke na inro hupita ushanga mmoja, ojime, uliovishwa nyuzi zote mbili za kamba. Ukiusukuma chini, vyumba vya inro vinabanana. Ukiuvuta juu, kamba inalegea na unaachanisha chumba unachokitaka bila kufungua fundo lolote. Ni utaratibu wa vipande vitatu tu na kamba moja, na ulifanya kazi kila siku kwa zaidi ya miaka 200.

Sasa angalia madai ambayo utaratibu huo unampelekea mchongaji. Kitu kiwe kipana kuliko nafasi iliyopo kati ya mkanda na nguo, la sivyo kitapenya na kuanguka pamoja na mzigo. Kisiwe kizito hadi kikavuta mkanda, wala chepesi kama ganda. Kisiwe na ncha wala kona kali, maana hariri inang'oka uzi kwa kitu kidogo tu. Kivumilie kugongwa na meza, ukuta na mpini wa upanga. Na kikining'inia, uso uwe nje na mgongo uwe kwenye mkanda, chenyewe, bila mvaaji kukisahihisha kila baada ya hatua tatu.

Hapo ndipo panya anajikunja.

Mkia mrefu ungevunjika na ungekwama kwenye nguo, kwa hiyo unazungushwa mwilini. Ng'ombe wanalala na miguu imeingizwa chini. Nyoka wanajifunga fundo. Ndege wanaficha vichwa kwenye mbawa. Mikao hii tunayoisifu kwa upole wake ilizaliwa na hofu ya kuvunjika na hofu ya kuchana hariri ya mtu mwenye fedha.

Matundu

Matundu ya kamba huitwa himotoshi, na mimi naamini ukijua kuyasoma umeijua nusu ya netsuke.

Kwa kawaida ni mawili, yakiunganishwa na mfereji mfupi uliopinda ndani ya mti. Kamba inaingia kwa moja na kutokea kwa jingine, kisha ncha zinafungwa fundo. Fundo lazima lijifiche. Ndiyo maana kwenye kazi nyingi za karne ya 18 tundu moja ni pana: fundo linavutwa likazama humo, na uso wa netsuke unabaki safi. Netsuke za karne ya 19 zilizokusudiwa inro, ambazo kamba yake ni nyembamba, mara nyingi zina matundu madogo yanayolingana. Zile za kifuko cha tumbaku ni nene na matundu yake ni makubwa, kwa sababu kamba ni nene na mzigo unarushwarushwa: mvutaji anauvuta na kuurudisha mara nyingi kwa siku.

Ukuta wa juu ya mfereji, ile sehemu iliyobaki kama daraja kati ya tundu na tundu, ndio unaobeba mzigo wote. Ukiwa mwembamba, kamba inaukata taratibu kama msumeno, kisha siku moja unapasuka. Ukiwa mnene sana, mfereji unaingia ndani mno na kuukuta upande wa pili wa umbo, pengine chini ya jicho au kwapa lililokwisha kuchongwa. Kwenye mti, mwelekeo wa nyuzi nao unaamua uimara wa daraja. Na kekee inaweza kurarua midomo ya tundu. Wachongaji wengine waliilinda midomo hiyo kwa kuvisha tundu pete ya pembe iliyotiwa rangi ya kijani. Kazi za mchongaji Miwa, wa mji wa Edo (Tokyo ya leo), zinajulikana kwa pete hizo, na pete ile ya kijani kwenye mti wa kahawia ni pambo ambalo mtazamaji wa kabatini halioni kamwe.

Halafu kuna mahali pa kuyaweka. Kamba ikishikwa, netsuke inageuka mpaka uzito wake utulie chini ya sehemu iliyoshikiliwa. Matundu yakiwa chini kupita kiasi, kichwa kinapinduka mbele na mvaaji anaonyesha watu kisogo cha panya. Yakiwa juu sana, mgongo unajitenga na mkanda na kitu kizima kinabembea. Mchongaji hana fomula ya hili. Anafunga uzi kwenye gogo ambalo bado halijakamilika kuchongwa, analining'iniza, anatazama, anatia alama kwa wino.

Wapo waliokataa kutoboa kabisa. Kwenye kazi zao kamba hupita kwenye nafasi ambayo umbo lenyewe limeiacha: kati ya mkono na goti, chini ya mkia, ndani ya kitanzi cha kikonyo cha uyoga. Kaigyokusai Masatsugu wa Osaka (1813–1892) alikuwa hodari wa hili. Ni ustadi wa juu, kwa kuwa mkao wa mnyama unapaswa kubuniwa tangu mwanzo kuzunguka kamba ambayo haipo.

Si kila aina ina matundu mawili. Manju ni duara bapa, mara nyingi la nusu mbili zinazofungana, na inalala vizuri mwilini. Kagamibuta ni bakuli dogo la pembe au mti lenye kifuniko cha madini: kamba inapita kwenye tundu moja la nyuma na kufungwa kwenye kitanzi kilicho chini ya kifuniko, hivyo mzigo wenyewe ndio unaokishikilia kifuniko. Sashi ni ndefu, sentimita 10 na zaidi, na huchomekwa ndani ya mkanda. Lakini wengi wakisema netsuke wanakusudia katabori, ile iliyochongwa pande zote, na ndiyo inayonihangaisha hapa.

Kutoka gogo hadi ncha ya kidole

Mti unaopendwa kuliko yote ni tsuge: wa manjano, mgumu, nyuzi zake zimebanana kiasi kwamba unashika mstari mwembamba kama unywele. Unakaushwa kwa miaka kabla ya kuguswa. Gogo bichi linaonekana jema siku ya kwanza, kisha ufa unaanzia kwenye kiini na kufika usoni wakati kazi imekaribia kuisha. Kwa hiyo kiini kinaepukwa, na kipande kinakatwa pembeni mwake.

Hinoki ni laini na ilitumiwa zaidi na waliopaka rangi, akiwamo Yoshimura Shuzan, mchoraji wa Osaka ambaye hakutia saini netsuke zake. Kokutan, yaani mti mweusi wa jamii ya ebony, ulitumika pia. Usiuchanganye na mpingo wetu, ambao ni wa ukoo mwingine kabisa. Mbali na miti kuna pembe ya kulungu, yenye moyo wa vinyweleo unaomlazimisha mchongaji kubuni umbo linalouficha au kuutumia, na jino la nguruwe mwitu, lililopendwa huko Iwami, pwani ya magharibi. Shimizu Tomiharu (1733–1810) alianzisha mkondo wa kule, na binti yake Bunshojo (1764–1838) ni miongoni mwa wanawake wachache wa zama hizo ambao majina yao ya uchongaji yamebaki.

Kazi inaanza kwa msumeno na tupa, kupunguza kona. Kisha patasi ndogo, na visu ambavyo mchongaji hujitengenezea mwenyewe, kikiwamo kile kinachoitwa hidariba ambacho ncha yake inakata kuelekea kushoto na kuingia kwenye pembe ambazo kisu cha kawaida hakifiki. Kosa la kawaida hapa ni kuanza na uso. Uso unapendeza, unavuta mkono, na ukishaupenda hutaki kuugusa tena hata pale mizani inapokuambia kichwa kipunguzwe. Wenye nidhamu huzungusha kazi wakati wote, wanapunguza pande zote kwa pamoja, na macho hutobolewa mwishoni.

Jambo moja la kiufundi lichukue nafasi yake hapa, kwa sababu maelezo yake huachwa nusu.

Chura wa tsuge ana vipele mgongoni. Vipele vile havikuchongwa kimoja kimoja. Mbinu yake huitwa ukibori. Mchongaji anachukua sindano butu ya chuma na kuukandamiza mti mahali ambapo kipele kitakuja kuwa, akiacha kishimo. Mti ndani ya kishimo umebanwa, haukukatwa. Kisha anaukwangua uso wote mpaka ufikie kina cha vile vishimo, uso unakuwa laini na vishimo havionekani tena. Mwisho anauloweka kwa maji ya moto. Nyuzi zilizobanwa zinavimba na kurudi mahali pake, na kila penye kishimo panainuka kipele, cha mviringo, kisicho na alama ya kisu.

Inaharibika kwa njia tatu. Ukikandamiza kwa nguvu nyingi au kwa sindano yenye ncha kali, nyuzi zinakatika na hazivimbi. Unabaki na doa. Ukikwangua kidogo mno, kipele kinainuka nusu na kuzungukwa na mfereji. Ukikwangua kupita kina, unaondoa ule mti uliobanwa, na maji ya moto hayatarudisha kitu. Na huwezi kujua umefanya lipi kati ya hayo mpaka maji yaguse. Ndiyo maana chura mwenye mamia ya vipele vinavyolingana, kama wale wa akina Masanao wa Yamada, mkoa wa Ise, anastahili kutazamwa mara mbili.

Kung'arisha nako kuna ngazi. Kwanza tokusa, mmea wenye mashina yenye chembe za silika, unaokaushwa, kulowekwa na kubandikwa kwenye kijiti, ukafanya kazi ya msasa. Kisha majani ya mti wa muku, ambayo ni laini zaidi. Kisha unga wa pembe ya kulungu iliyochomwa, tsunoko, kwa ncha ya kidole. Rangi ya kahawia inatokana na matunda ya yashabushi yaliyochemshwa; mti unazamishwa, unakaushwa, halafu sehemu zilizoinuka zinasuguliwa tena ili zififie na mabonde yabaki na giza. Nta inafunga kazi. Anayeruka ngazi moja anaikuta baadaye: mikwaruzo ya tokusa ambayo haikuondolewa hunywa rangi na kujitokeza kama mistari ya penseli.

Pembe na njia yake

Japani haina ndovu. Katika zama za Edo pembe iliingia kupitia Nagasaki, kwa meli za Wachina na Waholanzi, na ilipita mikono mingi kiasi kwamba netsuke haiwezi kukueleza ndovu wake alitoka Siam, India au bara letu. Sehemu bora zilikwenda kwenye vitu vikubwa zaidi, hasa bachi, kipigio kipana cha ala ya shamisen. Mabaki yake yalikuwa na umbo la pembetatu, na netsuke nyingi za zamani za pembe, ukizitazama kwa chini, bado zina umbo hilo.

Kupitia bandari ile ile waliingia pia watumishi weusi wa meli za Kiholanzi, na wachongaji waliwachonga: mara nyingi kama wapiga mbizi, wameshika tawi la marijani. Si picha za watu walioketi kuchorwa. Ni uvumi wa bandarini uliotiwa kwenye mti, na ninazitazama kwa moyo mzito kidogo.

Sehemu ya pili ya njia hii tunaijua vizuri zaidi. Katika karne ya 20 Japani ikawa soko kubwa kabisa la pembe, na sehemu kubwa ilikwenda kwenye hanko, mihuri ya kutilia saini, si kwenye uchongaji. Mwaka 1989 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopendekeza biashara ya kimataifa ipigwe marufuku chini ya CITES, mkataba wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Mwezi Julai mwaka huo Kenya ilichoma tani 12 jijini Nairobi. Marufuku ikaanza kutumika Januari 1990. Mwaka 1999 Japani iliruhusiwa kununua karibu tani 50 kutoka Botswana, Namibia na Zimbabwe. Mihuri iliendelea.

Kwa anayenunua leo maana yake ni rahisi. Netsuke ya pembe haivuki mpaka bila kibali cha CITES, hata iwe na miaka 200, na forodha hazina haja ya kusikiliza hadithi ya bibi yako. Uingereza, kwa sheria ya 2018 iliyoanza kazi 2022, inataka netsuke ya pembe tupu iwe ya kabla ya 1918 na ithibitishwe kuwa ya thamani ya juu kisanaa au kihistoria kabla ya kuuzwa. Kwa maoni yangu, pembe mpya haina kisingizio chochote. Tsuge iliyochongwa na mkono mzuri haijawahi kuwa daraja la pili.

Kulika

Netsuke iliyovaliwa inabadilika, na Wajapani huyathamini mabadiliko hayo kwa neno aji, ladha.

Inalika pale inapoguswa tu: mgongo uliokuwa kwenye hariri, paji la uso ambalo kidole gumba kililizoea, ukingo wa juu wa lile tundu kubwa. Mabonde ya manyoya chini ya tumbo yanabaki makali. Pembe ya ndovu isiyopata mwanga inageuka rangi ya asali, na iliyoupata inabaki nyeupe, hivyo netsuke iliyovaliwa miaka mingi inaweza kuwa na rangi mbili, mpaka wake ukifuata jinsi ilivyokaa mkandani.

Mghushi anakosea hapa. Anaisugua kazi yote kwa usawa, au anailoweka kwenye chai, na giza linajaa kwenye mabonde yote kwa kiwango kimoja. Matundu yake yana kingo kali kama yalitobolewa jana, ingawa uso umezeeka miaka 150. Au ukingo umelika chini, upande ambao kamba haikuwahi kuvuta. Kwa zile za plastiki zilizomiminwa, tafuta mstari wa kalibu pembeni na vipovu vya hewa ndani ya matundu, ambako hakuna aliyejisumbua kusugua. Sindano ya moto inayopendekezwa na wengi iache nyumbani: itakuambia kuwa ni plastiki, sawa, lakini ikiwa si plastiki umetoboa kitu cha watu. Lenzi inatosha. Pembe ya kweli ikikatwa kwa upana ina mistari inayokatana. Kwa ndovu, karibu na ukingo wa nje, pembe za makutano ni kubwa, zaidi ya digrii 115, na kwa mamothi, jamii ya ndovu iliyotoweka, ni kali, chini ya 90.

Saini ndiyo ya mwisho kuaminiwa. Tomotada wa Kyoto alisifika kwa ng'ombe wake, na kitabu cha Inaba Tsuryu cha 1781, ambacho juzuu yake moja inaorodhesha zaidi ya wachongaji 50, kilikuwa kimeshaonya kwamba anaigwa sana. Saini ya kughushi inaweza kuwa na umri wa miaka 240 na bado ikawa ya kughushi.

Mfuko ulipoingia

Kitabu hicho ndicho kilichonigeuza mawazo.

Nilikuwa na picha nyepesi kichwani: hadi 1868 netsuke ni chombo, baada ya hapo suruali zikaingia na mifuko yake, sigara ikakifukuza kiko, na chombo kikawa pambo la kuuziwa wageni. Kuna ukweli mwingi humo. Wachongaji wa zama za Meiji, zilizofuata Edo, kweli walihamia kwenye okimono, sanamu za kuweka mezani, na nyingi zilitobolewa matundu mawili baadaye ili ziuzwe kama netsuke. Hizo unazijua kwa kuzifunga kamba: zinapinduka.

Lakini mwaka 1781, wakati kila mwanaume mjini bado alikuwa na mkanda na kifuko cha tumbaku, tayari watu waliandika orodha za wachongaji, walilinganisha mikono, walilalamikia waigaji. Hakuna anayeghushi kifungo. Wafanyabiashara ambao sheria ziliwabana wasijionyeshe kwa nguo waliitia fedha yao kwenye kitu cha sentimita 4 ambacho kiliruhusiwa kwa sababu kilikuwa na kazi. Bila shaka wengine walikuwa na nyingi kuliko walizoweza kuvaa.

Kwa hiyo kazi na sanaa hazikuachana mwaka fulani. Zilikuwa zikivutana tangu mapema, na kilichozishikanisha ni matundu.

Hilo linaniweka mahali pagumu na wachongaji wa leo. Makumbusho ya Taifa ya Tokyo yana chumba cha mkusanyiko wa Mwanamfalme Takamado, aliyefariki 2002, na mkewe, na sehemu kubwa ni kazi za kisasa. Los Angeles kuna zaidi ya 600 za Raymond Bushell, mwanasheria aliyeishi Tokyo na kununua pia kutoka kwa wachongaji wa wakati wake. Karibu hakuna mtu atakayezivaa hizi za kisasa. Na bado zina himotoshi.

Ni desturi tu? Kwa baadhi, naona hivyo: mbawa zimetanuka, miguu ya mdudu imesimama hewani, na matundu mawili yamewekwa chini kama muhuri wa forodha. Ingevunjika kabla mvaaji hajafika mlangoni. Hizo ni sanamu ndogo nzuri, na zingepoteza nini zikiitwa hivyo? Lakini nyingine, ukizishika, unakuta umbo limejikunja kuizunguka kamba, mgongo umelazwa bapa kwa ajili ya mkanda, uzito umetulia. Mchongaji hakuhitaji mvaaji. Alihitaji vile vizuizi, kama mshairi asivyohitaji ngoma ili ahesabu mizani. Hizo naziita netsuke bila kusita. Sina hakika kama mpaka huo unaweza kuchorwa kabatini, ambako hakuna anayeruhusiwa kushika.

Kwa anayetaka kujaribu

Chukua kipande cha mti mgumu wenye nyuzi zilizobanana, kikavu kabisa. Mpera unafaa kwa kuanzia, na mpingo unafaa kwa aliyezoea, akiwa na barakoa, maana vumbi lake linawasha. Kata sentimita 4 kwa 3 kwa 3. Chagua umbo la mviringo: kobe aliyejificha, korosho, paka aliyelala. Usichonge uso.

Punguza kona mpaka kipande kikae ndani ya ngumi bila kukuchoma. Kifunge uzi, kining'inize, tazama kinavyogeuka, tia alama mbili nyuma, sentimita 1 kati yake, juu kidogo ya katikati. Toboa kwa mshazari kutoka kila alama mpaka mifereji ikutane ndani. Anza na kekee ya milimita 3, na upanue tundu moja hadi 6 kwa ajili ya fundo. Lainisha kingo za matundu kwa msasa uliokunjwa, kwa sababu ukingo mkali utaikata kamba kabla kamba haijaula mti.

Funga kamba, tundika upande wa pili kitu cha gramu 100 hivi, pitisha nyuma ya mkanda wa kitambaa na utembee, ukae, uiname, upande ngazi. Kikipenya mkandani, ni chembamba. Kikichomoa uzi, tafuta kona uliyoisahau. Kikigeuza mgongo nje, matundu yako chini mno, na kwa kuwa bado hujachonga uso, unaweza kukipindua na kuamua kwamba upande wa pili ndio mbele. Kikitulia, ndipo uchukue kisu kidogo.